Gugu ni Nini?

Katika bustani, mwenye jembe ndiye hakimu. Mimea husimama mbele yake kimya, haina wakili wala shahidi, na hukumu yake haina rufani. Akisema huu ni ua, utatiwa maji na samadi. Akisema huu ni gugu, utang'olewa na mizizi yake itupwe juani. Kwa kuwa kazi hii hufanywa kila siku na watu wema, tena asubuhi wakiwa na afya na furaha, ni nadra mtu kusimama akajiuliza hukumu hiyo yatoka wapi, na ina haki gani. Mimi pia sikujiuliza mpaka mwanafunzi aliponiuliza. Na swali lake, ijapokuwa lilikuwa la maneno machache, lilinifundisha zaidi kuliko mimi nilivyomfundisha yeye muhula ule mzima.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Nilikuwa mwalimu wa zamu katika shule moja ya nyanda za juu, na wageni walitazamiwa kuja kuikagua. Nilikabidhiwa kazi ya kuitengeneza bustani. Pembeni mwa bustani hiyo, karibu na ua, palikuwa na kichaka cha mimea mirefu kuliko mtu, yenye mashina ya pembe nne na maua ya rangi ya chungwa lililoiva. Maua hayo yalilizunguka shina kwa mafungu ya mviringo, fungu juu ya fungu, na kila fungu lilikuwa na miiba midogo ya kuchoma vidole. Hakuna aliyeipanda. Ilijiotea yenyewe kama inavyojiotea kandokando ya barabara na katika mashamba yaliyolala. Wataalamu wa mimea huiita Leonotis nepetifolia. Mimi siku ile niliiita magugu. Niliwaamuru wanafunzi waing'oe yote, na mahali pake tukapanda maua ya kununuliwa, tukayapanga kwa mistari iliyonyoka kama askari wa gwaride. Wageni wakaja, wakasifu, wakaenda zao.

Siku chache baadaye msichana mmoja wa kidato cha pili alinijia uwanjani, akasema, "Mwalimu, wale ndege wadogo wanaong'ara hawaji tena."

Nikamwuliza, "Ndege gani?"

"Wale waliokuwa wakinywa katika maua tuliyoyang'oa."

Nikamwambia, "Yale hayakuwa maua. Yalikuwa magugu."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa adabu, "Gugu ni nini, mwalimu?"

Nikamjibu upesi, "Gugu ni mmea usiotakiwa."

Akasema, "Usiotakiwa na nani?"

Nilimwambia kwamba kengele imelia, aende darasani. Ilikuwa kweli kwamba kengele imelia, lakini hilo halikuwa jibu. Insha hii ni deni ninalojaribu kulilipa.

Kwanza yatupasa kumjua ndege aliyetajwa. Ni chozi. Katika Kiswahili neno hili lina maana mbili: tone litokalo jichoni, na ndege mdogo aishiye kwa kunyonya maji matamu ya maua. Maana hizo mbili hazikutupana mbali, kwa kuwa dume la chozi akipigwa na jua humeta kama tone la maji. Aina nyingi za dume huvaa rangi za kijani, buluu, zambarau au nyekundu, zenye mng'ao wa madini. Jike aghalabu huvaa kahawia au kijivu, akajificha salama katika kiota chake. Mdomo wake ni mrefu na umepinda, nao umekuwa ufunguo wa kuingia katika maua membamba. Kiota chake ni kama kifuko kinachoning'inia tawini, kilichofumwa kwa nyasi na nyuzi za buibui. Chozi wako wa aina zaidi ya 140, nao huishi Afrika, Asia na mpaka Australia. Hapa Kenya wapo pwani katika joto la mikoko, na wapo juu kabisa kwenye Mlima Kenya, ambako chozi mmoja mwenye mkia mrefu hujipatia riziki katika mimea mikubwa ya lobelia, mahali ambapo maji huganda usiku.

Huko Marekani, kaskazini na kusini, kuna ndege mwingine mwenye maisha kama haya, ambaye mabawa yake huvuma kama nyuki; nasi twaweza kumwita ndege mvumaji. Aina zake ni zaidi ya 300, na siku hizi hapatikani nje ya mabara hayo mawili. Watu wengi hudhani kwamba chozi na mvumaji ni ndugu. Sivyo. Nasaba zao ni mbalimbali. Ni maua ndiyo yaliyowafanya wafanane, kama vile wavuvi wa bahari mbili, wasiopata kuonana kamwe, wanavyoweza kufanana mikono kwa sababu ya kuvuta nyavu. Lakini wanatofautiana kwa jambo moja kubwa. Mvumaji hunywa akiwa hewani, amesimama juu ya mabawa yake. Chozi aweza kufanya hivyo kwa kitambo kidogo tu, na hupenda kutua kwanza ndipo anywe. Kwa hiyo mtu asomaye vitabu vya bustani vya Marekani, akavifuata neno kwa neno hapa kwetu, atakuwa ametandika mkeka kwa ajili ya mgeni asiyepata kufika, na mgeni aliyepo mlangoni hatapata mahali pa kukaa. Ile mimea niliyoing'oa, kwa mafungu yake yaliyopandana, ilikuwa ni ngazi. Chozi alikuwa akitua juu ya fungu moja, akanywa katika lililo karibu, akapanda kwa jingine.

Sasa na turudi kwenye swali. Nilisema kwamba gugu ni mmea usiotakiwa. Maneno hayo si ya uongo, lakini ni pungufu, kwa sababu hayataji mwenye kutaka. Mkaguzi hakuutaka, mimi sikuutaka, chozi aliutaka, nyuki aliutaka, nao wanafunzi, kama walivyokiri baadaye kwa aibu, walikuwa wakiyachuma maua yake na kuyafyonza utamu wakati wa mapumziko. Kura zikipigwa kwa haki, mmea ule ungalishinda. Ulishindwa kwa sababu kura iliyohesabiwa ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa yangu.

Yuko atakayesema, "Basi dawa ni nyepesi. Mmea wa kienyeji ni ua, na mmea wa kigeni ni gugu." Jibu hili linapendeza masikioni, na katika siku zetu lasikika sana, lakini nalo halitoshi. Lile jani liitwalo kiduha, ambalo Waluo huliita kayongo, ni mwenyeji wa Afrika kabisa. Huotea juu ya mizizi ya mahindi na mtama, likanyonya nguvu yake chini ya ardhi, na mkulima wa magharibi ya Kenya huvuna machozi badala ya nafaka. Ua lake ni zuri la zambarau. Nani atamwambia mkulima huyo aliheshimu kwa sababu ni la kwao? Uenyeji peke yake si wema.

Tena utazame ule mmea wa maua ya rangi ya chungwa. Kwetu umezaliwa hapa, nao umeshikana na chozi kama bakuli na kawa. Lakini watu waliuchukua ng'ambo, nao ukafika visiwa vya Karibi, Brazil na nchi nyingine za joto. Na huko umeenea mashambani hata watu wa mahali pengi wameuhesabu kuwa ni gugu sumbufu, ingawa ndege mvumaji wa huko hawakuukataa. Na sisi tumepokea kutoka Marekani ile ya joto mmea uitwao lantana. Uliletwa uwe pambo na ua wa kuzungushia boma, kwa sababu maua yake yana rangi nyingi katika kishada kimoja. Leo umetapakaa katika malisho yetu, na majani yake yana sumu kwa ng'ombe. Mbaya kuliko huo ni gugumaji. Asili yake ni mto Amazon, na lilisafirishwa duniani kote kwa ajili ya uzuri wa ua lake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana katika Ziwa Viktoria, na katika miaka ya 1990 lilifunga njia za mashua na kuwazuia wavuvi wasifike majini. Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda; hapa kinyemi kilikuwa cha waliotangulia, na kidonda ni cha waliofuata.

Basi twaona kwamba gugu halijulikani kwa sura wala kwa mahali lilipotoka. Hujulikana kwa ujirani wake. Mmea uliokaa na majirani kwa muda mrefu sana hushikwa nao: wako wanaoula, wako wanaoubebea chavua, wako wanaoota kivulini mwake, nao huzuiwa usizidi mpaka. Ukiung'oa hapo na kuupeleka mbali, umewaacha nyuma waliokuwa wakiuhitaji, na vilevile umewaacha waliokuwa wakiuzuia. Hii ndiyo sababu mwenye kutaka chozi katika bustani huanza kwa kuitafuta mimea ya mahali pake. Hafanyi hivyo kwa majivuno ya nchi. Hufanya hivyo kwa sababu mimea hiyo na ndege huyo tayari wanajuana, naye ni mwenyeji wa karamu ambayo vyakula vyake vilikwisha kuchaguliwa na wageni wenyewe.

Sitaficha ukweli ulio kinyume changu. Chozi hunywa pia katika maua ya kigeni. Uko mti wa Australia ambao maua yake mekundu yanafanana na brashi ya kusafishia chupa. Umepandwa katika miji yetu mingi, nao chozi huujaa. Sisemi mti huo ukatwe. Lakini maji matamu ni nusu ya haja ya ndege huyu. Makinda yake hayakui kwa utamu peke yake. Hulishwa wadudu wadogo na buibui, kwa maana mwili unaojengwa huhitaji nyama. Mimea ya mahali, kwa kuwa imeishi na wadudu wa mahali, kwa kawaida huwa na wengi wa kuila. Na mimea mingi ya kigeni husimama safi, majani yake hayana tundu hata moja, nasi huisifu kwa usafi huo. Mbele ya jike la chozi mwenye makinda mawili, usafi huo ni duka lisilo na bidhaa. Na mwenye bustani anayenyunyiza dawa ya kuua kila mdudu, huku akilalamika kwamba ndege hawaji, ni sawa na mtu anayemwaga uji kisha akawaita watoto wale.

Mwanafunzi atakayeuliza apande nini, nitamjibu kwa kifupi, maana mimea ya Limuru si mimea ya Lamu, na mwalimu bora wa jambo hili ni mzee wa kijiji chake mwenyewe. Lakini iko mitatu inayojulikana katika sehemu nyingi za nchi yetu. Wa kwanza ni mti ambao kwa Kiswahili huitwa mwamba ngoma. Wakikuyu huuita muhuti, Waluhya murembe, na Waluo orembe. Wakati wa kiangazi, miti mingine ikiwa imenyong'onyea, huu hupukutisha majani yake, kisha huzivika ncha za matawi yake maua mekundu kama makaa yaliyopulizwa. Hivyo humlisha chozi wakati wa njaa. Huota kwa mbegu, au kwa tawi nene lililokatwa na kuchimbiwa ardhini. Ila mbegu zake nyekundu zina sumu, watoto wasizitie kinywani. Wa pili ni mshubiri, ambao aina zake za kwetu ni nyingi, na ambao huvumilia jua kali na udongo wa mawe, mradi maji yasituame. Wa tatu ni ule mmea wangu wa mafungu ya rangi ya chungwa, ambao hauhitaji zaidi ya kutong'olewa. Anayechagua vizuri huchagua kwa miezi, ili mmoja ukimaliza kuchanua mwingine uanze. Karamu ya mwezi mmoja na njaa ya miezi kumi na mmoja si ukarimu.

Juu ya mshubiri yatupasa kusema neno la tahadhari. Wako watu ambao, wakitaka bustani ya haraka, huenda porini na majembe wakachimbua mishubiri mikubwa iliyokomaa, au huinunua kwa mtu aliyeichimbua, wala hawamwulizi ameipata wapi. Katika Kenya uvunaji wa mishubiri ya porini ulizidi hata mwaka 1986 ikatolewa amri ya Rais ya kuukataza; na biashara ya kimataifa ya karibu aina zote za mshubiri husimamiwa na mkataba wa mataifa. Anayefanya hivyo huwanyang'anya chozi wengi wa porini riziki yao, ili apate kumtazama mmoja akiwa amekaa kitini barazani kwake. Huo ni wizi uliovaa kanzu ya mapenzi. Mshubiri huzaa vichipukizi ubavuni mwake. Omba kimoja kwa jirani, ukipande, ungoje. Jambo jema lililopatikana kwa njia mbaya hubeba ubaya wake mpaka ndani ya bustani.

Neno hili la kungoja ni zito kwa watu wa zamani zetu. Huko Marekani watu wengi huwawekea ndege mvumaji chupa za maji ya sukari, kipimo kimoja cha sukari kwa vinne vya maji, nao huja upesi. Siwalaumu, maana yako majira ambayo chupa hiyo ni msaada. Lakini chupa humtegemea binadamu kila siku: isipooshwa, maji huchacha na kumdhuru yule aliyealikwa, binadamu akisafiri, karamu imekwisha. Aliyepanda mti amefanya hisani ambayo itaendelea hata akiwa amelala, hata akiwa amekufa. Tena chupa hutufundisha kwamba ndege ni wetu, atakuja tunapotaka tumwone. Mti hutufundisha kinyume chake. Tunauweka, tunarudi nyuma, naye chozi yu huru kuja au kutokuja. Mwenye kumtaka ndege kwa hakika asiyoweza kuikosa, huyo atengeneze tundu. Na akishatengeneza tundu, ampendaye ni nafsi yake.

Chozi mwenyewe ana funzo la kutupa juu ya kumiliki. Katika miaka ya 1970 wataalamu wawili wa Marekani, Frank Gill na Larry Wolf, waliwachunguza hapa Kenya chozi wenye mabawa ya rangi ya dhahabu, nao walitangaza matokeo yao mwaka 1975. Ndege hao walikuwa wakinywa katika mmea uleule niliouhukumu mimi. Kila mmoja alikuwa na himaya yake, akiwafukuza wengine. Himaya hizo zilitofautiana mno kwa ukubwa: nyingine zilikuwa kama sebule, na nyingine zilizidi kiwanja. Lakini maua yaliyokuwamo yalipohesabiwa, yalionekana kuwa karibu sawa, yapata 1,600 katika kila moja, kiasi cha kumtosha ndege mmoja kwa siku moja. Penye maua mengi alilinda mahali padogo. Penye maua machache alilinda mahali pakubwa. Hakulinda ardhi; alilinda haja yake. Na utamu ulipokuwa mwingi kila mahali, vita vilikuwa hasara kuliko faida, naye aliviacha. Sisi wenye akili tumewahi kuona mtu aliyeshiba akilinda ekari asizozilima dhidi ya jirani asiye na mahali pa kuchimba kaburi. Nani kati ya hawa wawili ana ubongo mdogo kama mbegu ya mpapai?

Lakini mfano wowote una mpaka wake, nami nataka kuuonyesha mpaka huo waziwazi, kwa sababu nimesikia watu wakiuvuka. Wako wanaochukua maneno ya bustani, wenyeji na wageni, asili na magugu, wakayatumia kwa wanadamu. Huanza kwa kusema mmea huu si wa hapa, wakamaliza kwa kusema jirani yangu si wa hapa. Nchi yetu imeonja uchungu wa maneno hayo. Mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008 yaligeuka moto na damu. Yeyote aliyemwita binadamu gugu tayari ameshika jembe. Mmea hauwezi kujifunza lugha ya jirani, wala kuomba radhi, wala kuoa katika ukoo wa pili, wala kukaa barazani kusuluhisha ugomvi wa mpaka. Mtu aweza hayo yote. Kwa hiyo tukiupima mmea kwa ujirani wake, twaujua tabia isiyobadilika. Tukimpima mtu kwa asili yake, twakataa kumjua kabisa. Bustani yaweza kutufundisha huruma, subira na kiasi. Tusiiombe itufundishe kumchukia mwenzetu, maana hilo halimo ndani yake. Mwenye kuliona humo ameingia nalo.

Sasa naweza kumjibu msichana yule. Gugu ni mmea uliohukumiwa. Wakati mwingine hukumu ni ya haki, kama ile ya mkulima juu ya kiduha, au ya mvuvi juu ya gugumaji. Kwa kuwa mmea huo umezuia riziki ya wengi, na waliohukumu ndio walioumia. Wakati mwingine hukumu si ya haki, kama ile yangu. Kwa kuwa sikuumia na chochote, nilitaka tu kusifiwa na watu watakaopita kwa saa mbili. Kosa langu halikuwa kung'oa. Kosa langu lilikuwa kung'oa kabla ya kuuliza nani anakula hapa. Na swali hilo lilikuwa jepesi: ningalisimama pale dakika kumi asubuhi, bila jembe mkononi, ningalijibiwa.

Mvua za masika ziliponyesha, mbegu za mimea ile zilizokuwa zimeanguka udongoni ziliota zenyewe, nyingi, katikati ya mistari yetu iliyonyoka. Hukumu yangu ilikuwa imetekelezwa juu ya mashina tu. Vijana wa zamu walikuja kuniuliza wafanye nini. Nikawaambia waache fungu moja lililo karibu na ua, na yaliyo njiani wayahamishe, wasiyatupe. Tukapanda na mwamba ngoma mmoja, ambao utachukua miaka kabla haujafanana na mti; huenda wakati huo sitakuwa katika shule ile. Mimea ilipochanua, aliyemwona chozi wa kwanza si mimi. Ni yule msichana, naye hakupiga kelele. Alikuja akasimama mlangoni mwa ofisi ya walimu, akaniashiria kwa mkono nitoke polepole.

Nyinyi vijana mtapewa majembe mengi maishani mwenu. Wengine mtapewa kalamu ya kufuta majina, wengine ufunguo wa mlango, wengine kiti cha kuamua nani aingie na nani atoke. Kazi hizo ni za lazima, na bustani isiyopaliliwa kamwe haitamlisha mtu. Lakini kabla ya kuinua jembe, inameni kwanza mtazame juu ya shina hilo kuna nani.